Niyaache mila getini? Jibu kwa kijana wa Ngaramtoni anayekwenda kusomea tiba ya usemi

Swali: “Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 21, kwetu Ngaramtoni. Nimepata nafasi chuoni kusomea tiba ya usemi na lugha. Nyumbani tunaongea Kiarusha, mtaani Kiswahili, na chuoni nasikia kila kitu ni Kiingereza. Kaka mmoja aliyenitangulia kaniambia mambo ya mila niyaache getini, kwa sababu mwili wa binadamu ni uleule kila mahali. Baba mdogo naye anasema hiyo ni kazi ya akina mama. Halafu mimi mwenyewe nina kigugumizi tangu utotoni. Naomba uniambie ukweli: mila na jamii vina nafasi gani katika kumfundisha mtu kazi hii, au ni somo la kupita nalo tu ili nifaulu mtihani?”

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaona haifai kujibiwa kwa mistari mitatu. Nimefanya kazi hii hapa Moshi miaka mingi, na wanafunzi wengi wamepita mikononi mwangu. Swali lako ndilo ninalotamani kila mmoja wao angeliuliza kabla hajagusa mgonjwa wa kwanza.

Kaka yako hajakudanganya kabisa. Misuli ya koo la Mwarusha ndiyo misuli ya koo la Mwingereza. Damu ikikosa kufika upande wa kushoto wa ubongo, mtu wa Ngaramtoni na mtu wa London wote wanaweza kupoteza maneno. Hayo utayasoma, tena uyasome kwa bidii, maana mtaalamu asiyejua anatomia ni hatari kwa mgonjwa. Lakini wewe hutakaa na koo. Utakaa na mtu, umuulize jambo, naye akujibu au anyamaze, kisha uandike kwenye faili maana ya jibu hilo au ya ukimya huo. Mila ziko ndani ya swali lenyewe, ndani ya picha unayomwonyesha, ndani ya kiti alichokalia. Utazikuta zimeshaingia chumbani kabla yako.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka minne kutoka Old Moshi. Malalamiko yalikuwa kwamba mtoto “haongei vizuri”. Mwanafunzi wangu, binti mwenye akili na bidii, alimkalisha kwenye kiti kidogo, akatoa kadi za picha zilizochapishwa nje ya nchi, akaanza: “Hii ni nini?” Mtoto akamtazama bibi. “Na hii?” Mtoto akatazama sakafu. Bibi akasema, “Mjibu mwalimu.” Kimya. Ikaja picha ya mtu aliyetengenezwa kwa theluji, na pua yake ya karoti. Mtoto huyu huiona theluji ya Kibo kila kunapokucha vizuri, lakini hajawahi kuambiwa kwamba theluji inaweza kuvaa kofia. Kimya tena. Dakika ishirini hivi zilipita. Mwanafunzi akaandika kwamba mtoto hana maneno, na kwamba hatazami watu usoni.

Nikamwomba bibi atoke na mtoto nje, kwenye mpera ulio nyuma ya jengo, ambako binamu yake alikuwa akisubiri. Sisi tukabaki dirishani. Haikuchukua muda tukamsikia: “Sogea huko! Nitamwambia bibi umekula mawili!”

Mwanafunzi akacheka. Nikamwambia aiandike sentensi ile, tuipasue. *Nitamwambia*: mtoto anajua wakati ujao, anajua kumweka mtendwa ndani ya kitenzi kwa *-mw-*. *Umekula*: anajua jambo lililokwisha kutendeka, na amepachika sentensi ndani ya sentensi. Halafu *mawili*. Hakulitaja neno mapera, lakini ngeli yake alikuwa nayo kichwani, akaipatanisha idadi nayo. Mtoto wa miaka minne asiye na lugha hafanyi hivyo. Tatizo lilikuwepo kweli, ila lilikuwa dogo: sauti mbili tatu alizokuwa akizikosa, za kufanyiwa mazoezi miezi michache. Kama tungeliamini faili, tungempeleka njia nyingine kabisa.

Ile kadi ilikuwa imedai nini? Ilidai mtoto aamini kwamba mtu mzima anayemwuliza kitu anachokijua mwenyewe anataka kweli kuambiwa. Kuna nyumba ambako mchezo huo huchezwa tangu mtoto akiwa mchanga: mama anashika kitabu, anauliza ng'ombe yuko wapi, anashangilia. Kwa bibi wa Old Moshi, mtu mzima akikuuliza jambo analolijua, huenda anakupima kama umekosa. Mtoto mwenye adabu hukaa kimya, akangoja ajue kinachotakiwa.

Wataalamu wamelijua hili zamani. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, waliokuwa wameishi na Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya, waliandika makala wakijiuliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu namna ile kupimwa. Watoto waliokuwa wakipiga kelele malishoni walikuwa wananyamaza kabisa walipoombwa na mtu mzima wasimulie hadithi. Kule kijijini mtoto alitazamiwa kusikiliza na kutii. Kuongea kwa kujionyesha mbele ya mkubwa hakukuwa kipimo cha akili. Na mama wa Kikipsigis walipoulizwa nani humfundisha mtoto kuongea, walisema watoto wenzake. Nasema hivi kwa sababu karatasi nyingi za mazoezi ya nyumbani zinazokuja na vitabu vyetu zimeandikwa kwa ajili ya mama mmoja na mtoto mmoja, kwenye zulia, nusu saa kila siku. Mama wa Uru anayeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe haipati hiyo nusu saa. Dada mtu mwenye miaka tisa anayo, na anajua kucheza ukuti na kutega vitendawili. Mfundishe yeye. Mtoto anayepambana na sauti moja atairudia mara hamsini kwenye “Kitendawili!” “Tega!” bila kujua kwamba anafanya mazoezi.

Hapa niseme kitu ambacho huenda chuoni hakuna atakayekuambia. Wewe nawe utakaa kimya kama yule mtoto. Umelelewa usimkatize mkubwa. Ukienda kwenye mafunzo kwa vitendo, hasa chini ya mkufunzi mgeni, atataka umbishie, uulize “kwa nini”, useme “mimi nadhani”. Utanyamaza kwa heshima, naye ataandika kwamba hujiamini, au hujasoma. Nimeona vijana wazuri wakipewa alama za chini kwa adabu yao. Nimeona pia upande wa pili, na huo ndio unaonitisha: mwanafunzi aliona mkufunzi anamlisha mgonjwa akiwa amelala chali, akajua ni hatari, akanyamaza. Mgonjwa alipona, lakini ingeweza kuwa vinginevyo. Basi jifunze mapema namna ya kusema bila kuvunja heshima. “Mwalimu, samahani, naomba kuuliza, tumwinue kidogo?” Mkufunzi naye, kama ana busara, ajifunze kutofautisha ukimya wa mtu mwenye adabu na ukimya wa mtu asiyejua. Mimi huwaambia wanafunzi wangu siku ya kwanza kwamba kwangu kubisha kuhusu mgonjwa ni sehemu ya kazi. Bado inachukua wiki kadhaa mpaka waniamini.

Turudi kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo watu hukosea wakidhani wamefanya sayansi. Utapewa vipimo vya Kiingereza na utashawishika kuvitafsiri. Usifanye hivyo. Kipimo cha Kiingereza kinatafuta konsonanti mwishoni mwa neno, na maneno yetu ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Kinatafuta kama mtoto anatofautisha “yeye” wa kike na “yeye” wa kiume. Sisi *a-* yetu haina jinsia. Wakati huohuo hakiulizi kabisa kuhusu ngeli, na ngeli ndiyo uti wa mgongo wa Kiswahili cha mtoto. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa matamshi ya Kiswahili ya watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Nautumia na nawashukuru walioufanya. Lakini hao ni watoto 24 wa jiji la pwani, wala si wa Kibosho, wala wa Ngaramtoni. Kule Kilifi, Kenya, watafiti walichukua orodha ya maneno ya mwanzo ya watoto iliyotungwa Marekani, ambayo mzazi huijaza mwenyewe kwa kalamu, wakaitengeneza upya kwa Kiswahili na Kigiriama, na wazazi wasiojua kusoma wakaulizwa kwa mdomo. Hiyo ndiyo njia. Inachukua miaka, na nchi yenye lugha zaidi ya mia moja inahitaji watu wengi wa kuifanya. Wewe ni mmoja wao.

Halafu ujue kutenganisha tofauti na tatizo. Mtoto anayesema “zambi” kwa dhambi na “selasini” kwa thelathini huenda anasema kama baba yake, kama mchungaji wake, kama nusu ya mtaa. Mtoto anayesema “anakujaga” amejifunza vizuri kabisa Kiswahili kinachosemwa stendi. Ukimpeleka kwenye tiba umemtia ugonjwa asionao. Lakini mtoto wa miaka sita anayesema “tata” kwa kaka, na wenzake wote wa nyumba ile wanasema kaka, huyo mwite. Kanuni ninayoitumia ni ya kizamani: nauliza, “Katika watoto wa nyumba yenu, huyu anaongea kama nani?” Bibi akisema “kama mjomba wake alipokuwa mdogo”, nachukua kalamu.

Na Kiarusha chako usikione kuwa mzigo. Kiswahili hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana. Kimaa, ambacho Kiarusha ni lahaja yake, kinayo. Jina lilelile, herufi zilezile, hubadili toni likiwa mtenda na likiwa mtendwa. Wewe unafanya hivyo bila kufikiri. Mzee wa Kiarusha akipata kiharusi, sauti ikawa bapa, mtaalamu wa Kiswahili atasema “anaongea kama amechoka”. Wewe utasikia kwamba amepoteza alama inayotofautisha nani alimpiga nani. Hakuna kitabu kitakachokupa sikio hilo. Utakutana pia na wagonjwa waliokuwa na lugha tatu, wakabaki na moja. Wafaransa wawili wa zamani walitofautiana kuhusu hili: Théodule Ribot, mwaka 1881, alisema kumbukumbu za kwanza ndizo hubaki, Albert Pitres, mwaka 1895, akasema lugha inayorudi ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi. Wodini nimeona yote mawili. Nimeona mwalimu mstaafu aliyebaki na Kirombo pekee, amezungukwa na wauguzi wanaomwuliza kwa Kiswahili kama anaumwa, nao wakaandika kwamba hajielewi. Mfagizi wa wodi, mama wa Mashati huko Rombo, ndiye aliyegundua kwamba mzee anajibu.

Ulisema pia kuhusu kigugumizi chako, na nataka nikujibu kwa uzito. Hakikuzuii. Taaluma hii katika Marekani ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu wenye kigugumizi: Charles Van Riper alikuwa nacho, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa nacho kizito. Johnson nakutajia kwa sababu ya pili. Alifundisha kwamba kigugumizi huanzia kwenye sikio la mzazi anayeogopa makosa ya mtoto, na mwaka 1944 aliandika kwamba wenyeji wa asili wa Idaho, Wabannock na Washoshone, hawana hata neno la kigugumizi, ndiyo maana hawana wenye kigugumizi. Maelezo hayo yalipendeza, yakasambaa. Mwaka 1983 watafiti wengine wakaonyesha kwamba maneno yapo, na wenye kigugumizi wapo. Johnson alikuwa msomi mkubwa mwenye huruma ya kweli, lakini jambo la familia za watu alilipokea kupitia mgeni aliyeuliza. Angekuja mtu kutoka mbali leo Ngaramtoni, akamwuliza babu yako kama katika ukoo kuna wenye kigugumizi, angejibiwa nini siku ya kwanza?

Wewe mwenyewe unajua jinsi kinavyokuacha ukiimba kwaya, au mkisoma zaburi kwa pamoja kanisani. Wataalamu wamelipima hilo mara nyingi: kusema kwa pamoja na kuimba hukilegeza. Mtoto mwenye kigugumizi akikuona mtu mzima, umevaa koti jeupe, unakwama kwenye jina lako na unaendelea bila aibu, atakuwa amepata tiba ambayo mimi siwezi kumpa. Chuoni watakuwepo watakaotaka uongee “vizuri” kwanza. Hilo nalo lina asili yake. Kule Uingereza kazi hii ilikua karibu na walimu wa matamshi. Lionel Logue, aliyemsaidia Mfalme George VI, alikuwa mwalimu wa matamshi kutoka Australia, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha taaluma kilichoundwa huko mwaka 1945. Ile dhana ya kwamba kuna usemi mmoja ulionyooka, na wengine wote warekebishwe wauelekee, imetembea na vitabu hadi kwetu. Afrika Kusini walianza mapema, Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1936, na kwa miongo mingi wataalamu waliotoka huko wakijua Kizulu au Kisotho walikuwa wachache mno, ingawa wagonjwa wenye lugha kama hizo ndio walikuwa wengi. Huku kwetu Makerere walifungua mlango mwaka 2008, na Muhimbili sasa wana shahada inayounganisha usikivu na usemi. Kwa hiyo unaingia mapema. Tabia ambazo kizazi chenu kitazizoea ndizo wanafunzi watakaowafuata watazikuta zinaitwa kawaida.

Baba mdogo mwambie hivi, kwa heshima: ni kweli nchi nyingi wanaofanya kazi hii ni wanawake, Uingereza karibu wote. Na hilo ni pengo. Mzee aliyeondolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kwa sababu ya saratani ana mambo ambayo hatayasema mbele yangu, nami namwelewa. Moran wa rika lako aliyepigwa kichwani kwenye ajali ya bodaboda atakuruhusu wewe umfundishe upya majina ya ng'ombe wa baba yake kabla hajaniruhusu mimi kumgusa shavu.

Na kuna makosa yangu ambayo nataka uyajue usiyarudie. Nilipokuwa mgeni kazini nilimpima mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, amepata kiharusi, mkewe pembeni, mjukuu mlangoni. Nikafuata fomu kama nilivyofundishwa: “Toa ulimi nje. Upeleke kulia. Kushoto.” Mzee akafunga mdomo, akageukia ukutani. Sikumsikia tena siku ile. Mkewe alinieleza kwenye korido, kwa upole: mwanamke wa umri wa binti yake amemwagiza amtolee ulimi mbele ya mjukuu. Kwetu kumtolea mtu ulimi ni tusi, nami nililijua tangu utoto. Chuoni nilifundishwa kulisahau. Siku hizi nasalimia kwanza, nakaa chini kidogo ya usawa wa macho yake, namwomba mjukuu akanunue maji, nasema: “Baba, nitakuomba jambo ambalo nje ya hapa ni utovu wa adabu, nisamehe.” Natangulia kulifanya mwenyewe. Au naweka tone la asali kwenye pembe ya mdomo, na ulimi unaifuata wenyewe, kulia na kushoto, nami naona yote niliyotaka kuona.

Kwenu huko jambo la namna hii liko kwenye salamu. Mtoto wa Kiarusha au wa Kimaasai huinamisha kichwa mkubwa akiguse. Nimesoma ripoti ya mtoto iliyosema “huinamisha kichwa, hatazami usoni, hakujibu salamu”, na chini yake dhana ya usonji. Mtoto alikuwa amesalimia vizuri kabisa. Aliyekosa kuitikia ni mpimaji.

Usije ukadhani nakuambia kila mila ni nzuri. Watoto wanakatwa kimeo kwa sababu wamechelewa kuongea, wanachanwa chini ya ulimi wakiambiwa wana udata, yaani ulimi ulioshikwa kwa chini, ilhali ulimi wao uko huru. Nimepokea waliovuja damu, nimepokea waliopata maambukizi. Hapo sisiti: nakataza, na naeleza kwamba kimeo hakina kazi ya kuleta maneno. Wapo wazazi wanaomfungia mtoto ndani wageni wakija, na wapo wanaomwita bubu mbele yake wakati anasikia kila neno. Lakini ukianza kwa kuwakemea, hawatarudi, na mtoto atabaki nao. Swali ninalowafundisha wanafunzi wangu waulize ni hili: “Mmeshapita wapi kabla ya kufika hapa?” Uliza kwa sauti ileile unayoulizia dawa. Watakutajia zahanati, watakutajia mganga, watakutajia maombi, na utajua mtoto amekatwa au hajakatwa. Anayeogopa kuchekwa hukuficha hilo tu unalolihitaji.

Nimalizie kwenye chakula, kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba kumeza nako ni kazi yetu, tena ndiyo inayoweza kuua mtu wiki hiyohiyo. Utajifunza mfumo wa kimataifa wenye ngazi nane za uzito wa vinywaji na vyakula, kuanzia 0 hadi 7. Mwanafunzi mmoja aliniandikia mpango wa mgonjwa wa Machame: unga maalumu wa kuongezea uzito kwenye kopo, kutoka nje. Familia ingeununua wapi, na kwa hela gani? Mkewe alikuwa amesimama pale na hotipoti ya mtori.

Tukachukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Hakikisha kipimo chake, kutoka sifuri hadi kumi, kina urefu wa milimita 61.5, maana mabomba hayafanani. Tukachuja mtori tukaondoa nyuzi za nyama, kwa sababu nyuzi hizo ndizo humkaba mtu, tukaulainisha kwa supu yake, tukajaza hadi kumi, kidole chini. Ukiachia kidole unahesabu sekunde kumi, unafunga, unasoma kilichobaki. Ikibaki kati ya mililita 1 na 4 ni ngazi ya kwanza. 4 hadi 8 ya pili. Zaidi ya 8, ya tatu. Usipodondoka kabisa, hiyo ni ngazi ya nne, hapo kijiko na uma ndivyo vitakuhakikishia. Wetu ulibaki 9. Tukamwonyesha mama kwa macho unavyopaswa kushuka kutoka kwenye kijiko, akaurudia mwenyewe mara tatu. Tukamwonya mambo mawili: ukipoa unakuwa mzito zaidi, kwa hiyo apime ukiwa na joto la kulia, na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye bakuli kuu, kwa kuwa mate huyeyusha wanga na chakula kinakuwa chepesi kabla mgonjwa hajamaliza. Uji wa ulezi nao uko hivyohivyo. Kwenu mtafanya na loshoro, ila mahindi yake yatataka kusagwa sana.

Mama yule aliniambia jambo siku ile. Mwanafunzi alimwuliza, “Baba anakabwa akila?” Akasema hapana. Nikamwuliza, “Anapaliwa?” Akasema, “Eee, kila akinywa chai.” Kukabwa ni tonge limekwama. Kupaliwa ni maji yamepotea njia, mtu anakohoa, macho yanatoa machozi. Mwanafunzi alikuwa ametafsiri neno la Kiingereza linalobeba yote mawili, akachukua moja, na jibu la hapana lingemwachia mgonjwa chai nyepesi mpaka mapafu yajae.

Kwa hiyo kabla hujafunga begi, nunua daftari la jalada gumu. Upande mmoja andika neno la chuoni, katikati la Kiswahili cha mtaani, upande wa tatu la Kiarusha, pamoja na toni yake kama unavyoisikia. Kupaliwa, kukabwa, kigugumizi, kithembe, sauti ya puani, mtoto anayesikia lakini hasemi. Uliza pia ni maneno gani watu hawayasemi mbele ya mwenyewe, uyatie alama. Anza na bibi yako. Kaa jikoni, usimpeleke sebuleni. Ukilipata neno la Kiarusha la kupaliwa, naomba uniandikie. La Kimachame ninalo, lenu sijawahi kulipata.